Mpasuaji wa Kijijini

Tumezoea kuamini kwamba daktari bingwa hupatikana chuo kikuu au katika hospitali kuu ya mji. Lakini historia ya upasuaji wa saratani inaye mtu aliyeupata ubingwa wake kijijini. Ni Hanaoka Seishu wa Japani.

Alizaliwa mwaka 1760 katika jimbo la Kii, mtoto wa tabibu. Mwaka 1782 alikwenda Kyoto, akasoma tiba ya jadi pamoja na upasuaji uliotoka kwa Waholanzi. Baada ya miaka mitatu alirudi kwao Hirayama kuendeleza kazi ya baba yake. Hapakuwa na chuo pale. Palikuwa na wagonjwa, na miongoni mwao wanawake wenye uvimbe wa matiti.

Kisu alikuwa nacho. Kilichokosekana ni njia ya kumwondolea mgonjwa maumivu. Kwa miaka ipatayo 20 alijaribu michanganyiko ya mimea, mkuu wao ukiwa wa jamii ya mnanaha, ule uotao hata majalalani kwetu. Ni sumu, ikizidi huua. Husimuliwa kwamba mama yake na mkewe walijitolea kujaribiwa dawa hiyo, na mkewe akapofuka. Kila nikumbukapo habari hiyo, sifa za mpasuaji hunipungukia utamu.

Tarehe 13 Oktoba 1804 alimpasua Kan Aiya, bibi wa miaka 60, akiwa katika nusukaputi, akamtoa uvimbe wa saratani katika titi. Huko Boston, Marekani, etha ilionyeshwa hadharani mwaka 1846, miaka 42 baadaye. Bibi yule hakumaliza nusu mwaka. Hata hivyo wagonjwa walizidi kumiminika, na kumbukumbu za Hanaoka zina wanawake zaidi ya 150 wenye saratani ya matiti.

Alifungua shule nyumbani kwake, ikapokea mamia ya wanafunzi. Lakini kila mmoja aliahidi kutunza siri. Mwalimu mwenyewe hakuchapisha kitabu. Mengi tuyajuayo yalinakiliwa na wanafunzi wake. Na kwa kuwa Japani ilikuwa imejifungia, ulimwengu wa nje haukupata habari. Alipofariki mwaka 1835, kwingineko watu walikuwa bado wakishikwa kwa nguvu mezani huku wakipiga mayowe.

Simlaumu upesi. Dawa ile, mikononi mwa asiyeijua, ingeua. Lakini ndipo nionapo kazi ya chuo: si majengo wala vyeo, bali ule wajibu wa kuandika na kutangaza, ili wengine wapime na wasahihishe. Ubingwa waweza kukua popote penye wagonjwa na subira. Kuenea kwake ni jambo jingine. Hata kwetu tumewazika waganga wengi pamoja na dawa zao.

Wahenga walisema, siri ya mtungi aijuaye kata. Je, kata ikivunjika, wenye kiu wamwulize nani?