Mtoto wa Hadithi Aitwe Nani? Jina la Kiungwana na Nasaba Yake



Swali hili hunifikia mara kwa mara kutoka kwa wanafunzi na vijana wetu wanaojaribu kuandika hadithi: "Mwalimu, nina mtoto katika hadithi yangu. Kwao ni watu wakubwa wa pwani, wenye nyumba ya mawe na mashamba ya karafuu. Nimpe jina gani lisikike la kitajiri?" Mara nyingi kijana anakuja na majina yake tayari mfukoni: Almasi, Feruzi, Zafarani, au Simba. Ni majina matamu, yanang'aa. Tatizo ni kwamba, ukimwondoa Simba, hayo mengine yalikuwa majina ya watumwa.

Tuanze hapo. Katika Zanzibar ya karne ya 19, kama ilivyokuwa Oman na Ghuba, bwana alikuwa akimpa mtumwa jina la kito, manukato au baraka: Almasi, Feruzi, Zafarani, Mabruki, Baraka, Farahani. Someni habari za misafara ya Burton, Speke na Stanley muone wapagazi na askari walivyoitwa: Feruzi, Baraka, Uledi, Mabruki. Mkuu wao mashuhuri, Sidi Mubarak Bombay, alitekwa kwao Uyao akiwa mtoto, akapelekwa India, akarudi na jina lenye baraka mbele na mji wa watu nyuma. Jina lake la kuzaliwa halikumfuata. Kwa nini bwana achague majina mazuri hivyo? Kwa sababu lilikuwa pambo la nyumba yake mwenyewe. Mtumwa aliitwa kama kito kwa kuwa alihesabiwa pamoja na vito.

Sasa tazameni upande wa pili, jumbani. Sayyid Said, aliyetawala Oman na Zanzibar mpaka alipofariki mwaka 1856, alikuwa na jina la kawaida kabisa, ambalo hata mvuvi anaweza kuwa nalo. Baba yake aliitwa Sultan, na hilo lilikuwa jina tu, wala si cheo. Mtoto wake wa kike aliyezaliwa mwaka 1844 aliitwa Salme. Mama yake Salme alikuwa suria kutoka Circassia aliyeitwa Jilfidan, jina linalonukia maua. Hebu tuyaweke majina hayo mawili pamoja. La mama limepambwa, nalo ni la aliyenunuliwa. La binti ni fupi, halina mbwembwe, lakini nyuma yake linafuata "binti Said bin Sultan bin Ahmed". Ukubwa uko huko nyuma.

Hii ndiyo hoja yangu yote. Pwani yetu uungwana wa jina haukukaa katika mlio wake. Ulikaa katika nasaba. Muungwana aliweza kukutajia baba, babu na baba wa babu, halafu akamalizia na ukoo: al-Busaidi, Mazrui, al-Famau. Mtumwa alitajwa peke yake, au alitajwa kwa bwana wake. Hata Lamu, Pate na Siu, kulikokuwa na vyeo vya heshima vya kutanguliza, Bwana kwa mwanamume na Mwana kwa mwanamke, jina lenyewe lilibaki la kawaida. Mwana Kupona binti Mshamu, aliyemtungia binti yake utendi wa wasia mwaka 1858, alibeba jina linalotukumbusha mtu kupona maradhi. Hakuna dhahabu humo. Ni "Mwana" mbele na "binti Mshamu" nyuma ndivyo vilivyomwambia msikilizaji asimame.

Watu waliijua kanuni hii, na ndiyo maana utumwa ulipopigwa marufuku Unguja na Pemba mwaka 1897 majina nayo yakaanza kuhama. Waliokuwa watumwa na watoto wao wakayaacha majina ya mapambo na kuchukua yale yale ya waungwana. Mfano mkubwa kuliko wote tunao: msichana aliyezaliwa Fumba mnamo 1880, kwao wakamwita Mtumwa. Alipofika mjini na sauti ikamfungulia milango, akaitwa Siti, yaani bibi mwenye heshima. Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay kurekodi sahani za santuri. Angalieni kwamba hakuishia kwenye "Siti". Alibeba na "binti Saad". Cheo alipewa na watu, nasaba alikuja nayo mwenyewe kutoka Fumba.

Waandishi wetu wazuri wanalijua jambo hili bila kuhubiriwa. Adam Shafi, katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978), kampa kabaila wake neno "Mwinyi", lile lile la Mwinyi Mkuu wa Unguja ya kale, na mtumishi wake akamwita Kijakazi. Msomaji hahitaji maelezo zaidi. Said Ahmed Mohamed, katika Asali Chungu (1977), ana mtoto wa nje wa ndoa ambaye baba yake ni mtu mwenye mali. Damu ya juu ipo, lakini mtoto anaitwa Dude. Damu anayo, nasaba kanyimwa.

Mtasema: hayo ni ya pwani, sisi tuko Columbus, wenzetu wako Louisville na Buffalo. Jamani, njia hiyo hiyo ina kisa chake. William Wells Brown alizaliwa mtumwa Kentucky mnamo 1814, jimbo hilo hilo la Louisville. Aliitwa William. Mpwa wa bwana wake, naye William, alipoletwa kulelewa katika nyumba hiyo, mtoto mtumwa akanyang'anywa jina na kuitwa Sandford, maana nyumba haikuweza kuwa na William wawili wa hadhi tofauti. Mwaka 1834 alitoroka akiwa Ohio, akajirudishia "William", na akaongeza jina la Mquaker aliyemhifadhi njiani, Wells Brown. Kisha akaishi Buffalo kwa miaka kadhaa, akiwavusha watoro wenzake kwenda Kanada. Mwaka 1853 alichapisha Clotel, riwaya ya binti ambaye baba yake ni Rais Jefferson. Huyo naye, kama Dude, ana baba mkubwa asiyempa jina.

Louisville yenyewe ilimzaa Cassius Marcellus Clay mwaka 1942. Kwa Kentucky hakuna jina la kikabaila zaidi ya hilo: lilikuwa la mwana wa mmoja wa matajiri wakubwa wa ardhi na watumwa, ambaye mwenyewe aligeuka kuwa mpinzani mkali wa utumwa. Lina Roma ndani yake. Mwaka 1964 bondia wetu akalitupa, akaliita jina la utumwa, akachukua Muhammad Ali. Wazungu waliona ameshuka. Kwetu Ng'ambo au Mombasa kila mtaa una Muhammad Ali wake, na "Ali" maana yake ni aliye juu.

Hatari ya leo ni nyingine. Fomu za Marekani zinataka jina la kwanza na la mwisho, basi. Kwa Msomali wa hapa Columbus, jina la babu linageuzwa kuwa la ukoo na watoto wake wanalirithi. Mkongomani aliyefika Buffalo au Louisville anaulizwa kwa nini baba na mwana hawashiriki jina, wakati kwao ni jambo la kawaida hata kwa ndugu wa tumbo moja. Mnyororo unakatwa dirishani kwa karani, bila ubaya wowote, na mwandishi kijana aliyekulia humo anadhani jina ni neno moja la kuchaguliwa kwa uzuri.

Basi jibu langu kwa kijana ni hili. Mpe mtoto wako jina jepesi, Salim kwa mfano. Mpe la babu yake, kwa maana ndiyo desturi: Salim bin Ahmed bin Salim. Halafu andika mandhari moja ambamo mtu mzima anamwuliza, "Wewe mwana wa nani?" Akijibu mpaka babu wa tatu bila kufikiri, msomaji amekwisha jua kwao ni wapi. Na mtoto wa mpishi aliyesimama karibu, anayeitwa Feruzi, mwache naye aulizwe swali hilo hilo. Hapo ndipo hadithi yako inapoanza.