Mtoto Mdogo na Harakati za Mwili

Harakati za mwili za mtoto mdogo ni yale yote ayatendayo kwa viungo vyake tangu aanzapo kusimama dede mpaka akaribiapo kutimiza miaka mitatu, yaani kutambaa, kwenda tata, kukimbia, kupanda, kuchuchumaa, kurusha, kusukuma, na kubeba vitu vilivyomzidi nguvu; na kumhimiza katika hayo ni sehemu ya malezi ambayo kazi yake kubwa ni kumpa mtoto nafasi, wasaa na wenzi, maadamu raghba yenyewe amezaliwa nayo. Wazazi wengi wa zama hizi huuliza wampe mazoezi gani mtoto wa mwaka mmoja na nusu, na huuliza kwa nia njema. Walakini lililo muhimu zaidi ni kuchungua vizuizi alivyowekewa mtoto huyo, ni nani aliyemwekea na kwa sababu gani, na kama vyaweza kuondolewa pasipo kumtia hatarini.

Nguvu ya raghba hiyo imepata kupimwa. Mwaka 2012 Karen Adolph wa Chuo Kikuu cha New York, pamoja na wenzake, walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya watoto wa miezi 12 hadi 19 walioachwa wacheze wapendavyo, wakaonyesha kwamba kwa wastani mtoto alipiga hatua 2,368 katika saa moja, na katika saa hiyo hiyo akaanguka mara 17. Walitafuta pia jawabu la swali la zamani: kwa nini mtoto aliyekwisha kuwa hodari wa kutambaa, afikaye atakapo kwa magoti na viganja, aiache njia aijuayo na kuingia katika kutembea, ambako kila dakika chache atakwenda chini? Ilidhihirika kwamba mwanagenzi wa kutembea huenda mbali zaidi na upesi zaidi kuliko hodari wa kutambaa, wala maanguko yake si mengi kuliko ya mwenzake. Basi hupata faida pasipo kuzidishiwa hasara. Hatua zake hazinyooki, bali huenda mbili tatu, akasimama, akageuka, akarudi, aghalabu pasipo kukielekea kitu chochote. Mtu mzima aonapo hivyo hudhani kuwa wakati unapotea bure, kumbe ndivyo macho, miguu, na kile kiungo cha ndani ya sikio kinachoupa mwili mizani, vinavyozoeana. Mzazi aliyeyafahamu haya hatakurupuka kumnyanyua mwanawe kila aangukapo, kwa kuwa mwili wa mtoto ni mfupi na mwepesi na maanguko mengi ya sakafuni hayamdhuru. Mara nyingi kinachomliza ni hofu aliyoiona usoni mwa mkubwa wake.

Umri wa kuanza kutembea hauwi mmoja kwa watoto wote. Shirika la Afya Ulimwenguni lilichunguza jambo hili kwa watoto wenye afya njema wa Ghana, Uhindi, Norwei, Omani na Marekani, na mwaka 2006 likatangaza kwamba mtoto aweza kutembea peke yake wakati wowote baina ya miezi 8.2 na miezi 17.6, na kukaa bila ya kuegemezwa baina ya miezi 3.8 na 9.2. Kadhalika watoto wapatao 4 katika kila 100 hawakuonekana kutambaa kwa magoti na viganja. Kwa hiyo mama wa Unguja ajivuniaye mwanawe wa miezi kumi aliyekwisha kuachia mkono, na ndugu yake aliyeko Maskati, mji ambao watoto wake walikuwamo katika uchunguzi huo, aliye na mwana wa miezi 15 asiyethubutu kuuacha ukuta, wote wawili wamo katika mpaka uliowekwa na maumbile, wala hapana wa kumcheka mwenzake.

Afrika ya Mashariki ina sehemu yake katika elimu hii, tena si ndogo. Katika miaka ya 1950 tabibu wa Kifaransa, Marcelle Geber, aliwapima watoto wachanga wa Kampala akawaona wamewatangulia wenzao wa Ulaya katika kuumudu mwili, na wako waliosadiki kwamba tofauti hiyo ilitokana na urithi wa damu. Aliyelichambua jambo hili kwa makini zaidi ni Mmarekani Charles Super, aliyekaa miongoni mwa Wakipsigis wa Kokwet, katika nyanda za juu za magharibi ya Kenya, akachapisha matokeo yake mwaka 1976. Aliona kwamba watoto wa Kokwet waliwahi kukaa, kusimama na kutembea kwa kadiri ya mwezi mmoja mbele ya watoto wa Marekani, illa katika kutambaa hawakuwatangulia. Sababu aliikuta katika malezi yenyewe. Mama za Kokwet waliwafundisha watoto wao kwa makusudi: mtoto wa miezi michache alikalishwa katika kishimo kilichochimbwa ardhini, au alizungushiwa nguo ili mgongo usianguke, alishikwa makwapani akarukishwarukishwa mapajani, alishikwa mikono akatembezwa, na muda mwingi wa mchana alibebwa au alipakatwa mwili ukiwa wima, shingo, mgongo na kiuno vikifanya kazi ya kujitegemeza. Kutambaa hakuna aliyejali kumfundisha. Yaliyofundishwa, basi, yalikuja mapema, na yasiyofundishwa hayakuwahi, na hoja ya damu ikapungukiwa na nguvu.

Aliyekulia katika pwani hataona ajabu kwa habari hizo, maana huko nako bibi humkanda mtoto kwa mafuta ya nazi, humnyoosha mikono na miguu baada ya kumwogesha, na mama humfunga mbelekoni akienda naye huku na huku. Na zikitimu siku za kusimama dede, nyumba nzima humzunguka, huyu akimwachia mikono na yule akimpokea, na kila hatua ikipigiwa makofi. Dada mwenye miaka saba au minane huwa ndiye mwalimu wake wa kutwa. Mafunzo hayo hayakupata kuitwa mazoezi, wala hayakuhitaji cheti, na pengine ndiyo sababu ya kupewa heshima ndogo kuliko inayoyastahili katika vitabu vya malezi viletwavyo kutoka ng'ambo.

Wako wanazuoni wasioridhia mtoto kufundishwa mwendo hata kidogo. Emmi Pikler (1902–1984), tabibu wa watoto wa Hungaria, aliyeanzisha nyumba ya kulelea watoto mjini Budapest mwaka 1946, alishika kwamba mtoto asiwekwe katika mkao asioweza kuufikia mwenyewe: asikalishwe kabla hajajikalisha, asisimamishwe kabla hajajisimamisha, bali aachiwe sakafu iliyo salama, nguo zisizombana, na wasaa mrefu. Ukiyatazama juujuu, mafundisho hayo na desturi ya Kokwet ni mbingu na ardhi. Hata hivyo yako yanayoyaunganisha, nayo ni kwamba huku na huko mtoto alipewa nafasi ya kuutumia mwili wake, na mtu mzima aliyekuwa naye alimwangalia kwa makini akiamini kwamba ataweza. Mwandishi wa makala haya haoni haja ya kuchagua baina ya njia hizo mbili, kwa sababu mtoto mwenye afya hufika kwa zote mbili; adui wa njia hizo ni mmoja, naye ni kule kumzuia mtoto mahali pamoja.

Juu ya kuzuiwa huko, mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Ulimwenguni mwezi wa Aprili 2019 umeweka kiasi kinachojulikana: mtoto wa mwaka mmoja au miwili apate kila siku dakika 180 au zaidi za harakati za namna mbalimbali, asifungwe katika kigari, kitini au mgongoni kwa zaidi ya saa moja mfululizo, alale jumla ya saa 11 hadi 14, usingizi wa mchana ukihesabiwa humo, na mbele ya televisheni au simu, aliye wa mwaka mmoja asiwekwe kabisa, na aliye wa miaka miwili asizidishe saa moja kwa siku. Hizo saa tatu za harakati huwatisha wazazi wasiojua kwamba si lazima zifululize, wala hazidai jasho, kwa kuwa kuzunguka chumbani, kuchota mchanga na kumwaga, na kupanda kizingiti na kushuka, vyote vimo katika hesabu. Ni kuanzia miaka mitatu ndipo dakika 60 katika hizo zinapotakiwa ziwe za nguvu. Na sharti la mgongoni lifahamike kwa busara: mama alimaye hana budi kumbeba mwanawe, wala kumbeba si kosa, ila amshushe mara kwa mara kivulini, mtoto ajinyooshe na kujizungusha.

Tatizo lililo zito liko mijini. Nyumba ya Kiswahili ya Dar es Salaam, yenye vyumba vilivyopangwa kandokando ya ukumbi na ua ulio nyuma, ilimpa mtoto uwanja na macho mengi ya kumlinda. Aliyeko jikoni alimwona, na jirani aanikaye nguo alimwona. Leo watoto wengi hulelewa katika chumba kimoja cha kupanga au katika ghorofa isiyo na ua, pikipiki zikipita vichochoroni, mama na baba wakiwa kazini tangu alfajiri, na mtoto akiwa na yaya aliye kijana, mwenye kazi nyingi za nyumba, ambaye hupewa simu iwe ndiyo ya kumtuliza mtoto. Si haki kumlaumu yaya huyo. Mwajiri wake akimwambia kwa maneno yaliyo wazi kwamba kumtoa mtoto nje kwa muda wa saa moja asubuhi na muda wa saa moja jioni ni kazi kama kuosha vyombo, tena inayotangulia, ataifanya.

Ndani ya nyumba iliyo finyu, njia iliyo sahali na yenye matunda ni kumtuma mtoto. Mtoto wa miezi 18 afahamuye maneno machache aweza kuambiwa ampelekee bibi kijiko, alete kiatu cha baba, atie viazi kikapuni kimoja kimoja, au asukume ndoo tupu mpaka mlangoni. Naye hutembea, huinama, huinuka na kubeba, huku akiona fahari ya kuhesabiwa miongoni mwa watu wa nyumba. Baada ya hayo ndipo uje mpira wa matambara, mto wa kupanda na kushuka, ngoma ya kopo na mkubwa wa kucheza naye, maana mtoto wa umri huu huiga kuliko atiivyo amri. Miguu na iwe mitupu mahali palipo safi, ili vidole vishike ardhi. Kwa wakaao karibu na bahari, mchanga wa ufuoni wakati wa maji kupwa hauna mfano: ni laini, hauko sawasawa, na kila hatua humlazimisha mtoto kujisawazisha upya.

Uhuru huo una tahadhari zake, nazo hazina mzaha. Mtoto wa umri huu aweza kufa maji katika ndoo yenye maji machache, kwa sababu kichwa chake ni kizito na hawezi kujiinua atumbukiapo. Basi ndoo zimwagwe au zifunikwe, na kisima kiwe na mfuniko. Jiko la mkaa liwekwe asipofika, mafuta ya taa yasitiwe katika chupa za soda, na ngazi ziwe na kizuizi. Kile kigari chenye magurudumu ambacho mtoto hutiwa ndani ili ajifunze kutembea hakimwahishi hata kidogo, na kimewaangusha watoto wengi ngazini. Kanada ilipiga marufuku kuuzwa kwake mwaka 2004.

Pana watoto wasiochangamka kwa sababu ya maradhi. Upungufu wa damu uletwao na malaria, minyoo au chakula kisicho na madini ya chuma humfanya mtoto akae kitako mahali pamoja akitazama wenzake, na wengine humsifu kuwa ni mtulivu. Apelekwe kliniki mtoto huyo, na kadhalika yule aliyepita miezi 18 bila ya kutembea, yule atumiaye upande mmoja tu wa mwili, na yule aliyekuwa akiweza kisha akaacha. Mwenye miguu kifundo apelekwe tangu siku za kwanza za uhai wake, kwani kwa njia ya tabibu Ignacio Ponseti mguu hunyooshwa taratibu kwa plasta zinazobadilishwa kila juma, kisha kwa viatu maalumu vinavyovaliwa usiku kwa miaka kadhaa, na wengi waliotibiwa hivyo hukimbia pamoja na watoto wa rika lao. Mwenye mtindio wa ubongo naye ana haki ya mkeka, mchanga na mpira, akiegemezwa penye kuhitaji kuegemezwa. Na mtaalamu wa tiba ya viungo amwonyeshe mama namna ya kumshika, ili kazi hiyo ifanywe nyumbani kila siku, kwa kuwa siku moja ya kliniki katika mwezi haimtoshi.