Riwaya ya mapenzi ya Kibiblia (Ukambani)

Ni hadithi ndefu ya kubuni ambamo mwandishi Mkristo huchukua kisa cha Biblia, mara nyingi cha aya chache tu, akawapa wahusika wake maneno, wivu na matamanio ambayo Maandiko hayakuyataja. Mmarekani Francine Rivers ndiye anayejulikana zaidi: Redeeming Love (1991) inawahamishia nabii Hosea na mkewe Gomeri kwenye machimbo ya dhahabu ya California ya karne ya 19, na Unshaken (2001) inamsimulia Ruthu.

Riwaya hizi ziliandikwa kwa Kiingereza, lakini visa vyake si vigeni Kitui na Makueni. Mmisionari Krapf alichapisha Injili ya Marko kwa Kikamba mwaka 1850, Biblia nzima ikatoka 1956, na mwanatheolojia John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui, akatoa tafsiri yake ya Agano Jipya kutoka Kigiriki mwaka 2014.

Utamu wa riwaya hizi kwa Mkamba uko kwenye posa kuliko kwenye busu. Yakobo anayemtumikia mkwewe Labani miaka saba, kisha saba mingine, analipa mahari kwa jasho, na hesabu hiyo inaeleweka upesi mahali ambapo ndoa ya kimila haitambuliki bila mbuzi watatu wa ntheo. Raheli, mkewe, anampa Yakobo mjakazi wake Bilha ili apate watoto kwa mgongo wa mwenzake. Ukambani kuna ndoa ya iweto: mwanamke asiyejaliwa mtoto humwoa mwanamke mwingine ili nyumba yake isife. Msomaji wa California huenda akahitaji tanbihi hapo. Na njaa iliyompeleka Naomi, mama mkwe wa Ruthu, Moabu haihitaji maelezo kwa watu ambao wazee wao, wakati wa njaa ya Ngomanisye mwishoni mwa karne ya 19, walikwenda kutafuta chakula kwa Wakikuyu.

Ndiyo maana riwaya inayoharakisha sura ya nne ya Ruthu ili ifike harusini inapoteza nusu ya kisa. Boazi, atakayemwoa Ruthu, anaketi langoni na wazee kumi, jamaa wa karibu zaidi anavua kiatu, shamba na mjane vinaamuliwa kikao kimoja. Hayo ndiyo mapenzi yenyewe.

Mwandishi wa hapa aliyekaribia uwanja huu ni David Maillu wa Kilungu: For Mbatha and Rabeka (1980) ina posa, kijiji na kishawishi cha jiji, ingawa kutoka kwenye Biblia imechukua jina la binti tu. Anayetaka kuanza asome kwanza Ruthu wa Biblia. Ni sura nne, zinaisha jioni moja.