Uambishaji wa Sukari katika Kingamwili za Tiba

Ukuzaji wa seli nje ya mwili huitwa kwa Kiingereza kwa neno ambalo shuleni tulifundishwa kuwa maana yake ni utamaduni. Mfasiri aandikaye «utamaduni wa seli» amepotea njia. Lakini lipo neno jingine gumu zaidi.

Seli inapounda kingamwili huipachika minyororo ya sukari, na minyororo hiyo hufuata hali ya chombo. Amonia ikizidi, minyororo hutoka pungufu. Manganisi ikiongezwa kidogo, sukari ya galaktosi huzidi. Mtengenezaji wa rubisi huko Nyaishozi, Karagwe, hatashangaa: maji ya ndizi ni yale yale, lakini joto, mtama na muda wa kuchacha huibadili pombe.

Seli zitumiwazo zaidi leo zina asili katika ovari ya hamsta wa China, nazo zilianza kukuzwa na Theodore Puck huko Marekani mwaka 1957. Dawa ya Ebola iitwayo ZMapp, hata hivyo, ilitengenezwa katika majani ya tumbaku. Mimea hupachika zailosi, sukari ambayo mwili wa binadamu hauipachiki kwenye kingamwili zake. Kwa hiyo urithi wa tumbaku hiyo ulibadilishwa isipachike zailosi wala fukosi. Kingamwili isiyo na fukosi hushikamana kwa nguvu zaidi na baadhi ya seli za ulinzi wa mwili.

Kuanzia Novemba 2018 dawa hiyo ilijaribiwa Beni, Butembo, Katwa na Mangina, Kongo ya mashariki, miongoni mwa wasemaji wa Kiswahili. Ililinganishwa na dawa tatu, zikiwamo mAb114, iliyotokana na mtu aliyenusurika Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995, na REGN-EB3. Hizi mbili hutengenezwa katika seli za hamsta. Kati ya waliopewa ZMapp karibu nusu walifariki. Kwa hizo mbili, takriban theluthi. Isidhaniwe kwamba sukari ndiyo iliyoamua, maana kingamwili zenyewe zilitofautiana.

Katika majaribio kama hayo mgonjwa au jamaa yake huombwa ridhaa. Akisomewa kwamba dawa «imetiwa sukari», mwenye kisukari aweza kuikataa bure. Sisi twapendekeza «uambishaji wa sukari», kwani walimu wetu wamekwisha kuzoea viambishi: vipande vidogo vinavyopachikwa kwenye mzizi wa neno na kubadili kazi yake.