Mkono Ukitulia, Ugonjwa Ukibaki

Katika hospitali ya Salpêtrière, Paris, Jean-Martin Charcot alitofautisha kutetemeka kwa aina mbili. Wagonjwa wa Parkinson walitetemeka mikono ikiwa imepumzika mapajani. Wengine mikono yao ilitulia mpaka waliponyoosha mmoja kuchukua kikombe. Hapo ulianza kuyumba, na ulizidi kuyumba ulipokaribia mdomo. Mwaka 1868 Charcot aliueleza ugonjwa wa hawa wa pili, ambao leo tunauita maltipo sklerosisi. Kinga ya mwili hushambulia utando unaofunika nyuzi za neva, katika ubongo na uti wa mgongo.

Mimi nasomea historia ya tiba, na mtetemeko huu haunitoki akilini kwa sababu humjia mtu pale pale anapotaka kutenda.

Katika karne ya 20 wapasuaji waliuzuia kwa kuharibu sehemu ndogo ya thalamasi, kituo kilicho ndani kabisa ya ubongo. Mkono uliweza kutulia, ila kilichoharibiwa hakikurudi, na kugusa pande zote mbili kulihatarisha usemi wa mgonjwa. Kabla ya kuharibu, walipima mahali kwa umeme. Huko Grenoble, Ufaransa, Alim-Louis Benabid aliona kwamba umeme wa mipigo karibu 100 kwa sekunde uliukomesha mtetemeko, ulipozimwa, ukarudi. Mwaka 1987 yeye na wenzake walichapisha habari za wagonjwa walioachiwa waya ndani ya thalamasi, ukiendeshwa na betri iliyofichwa chini ya ngozi.

Mwaka 1997 Marekani iliidhinisha tiba hiyo kwa mtetemeko wa Parkinson na ule unaorithiwa mara nyingi katika familia. Maltipo sklerosisi haikutajwa. Madaktari waliijaribu hata hivyo, na matokeo yamepishana: mtetemeko wake huchanganyika na kukosa ulinganifu wa viungo, ambako umeme haukutibu, na ugonjwa wenyewe huendelea kula neva. Wapo waliopata nafuu, kisha ikafifia.

Je, nafuu ya namna hiyo inastahili kutobolewa fuvu? Sisi wanahistoria tumezoea kuhesabu magonjwa yaliyoshindwa. Katika vipimo vya mtetemeko, mgonjwa huombwa kumimina maji kutoka kikombe kimoja hadi kingine. Anayeweza kufanya hivyo bila kumwagia meza bado ni mgonjwa, lakini atakunywa chai yake bila kunyweshwa. Nadhani historia yetu inapaswa kuwa na mahali pa kumwandika.