Kupotewa na Uwezo wa Kunusa: Hoja ya Afya kutoka Wamaza

Kupotewa na uwezo wa kunusa huhesabiwa miongoni mwa maradhi madogo, kwa kuwa hakumlazi mtu kitandani. Hesabu hiyo haifai mji wa Wamaza na vijiji vya kusini mwa mkoa wa Maniema, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kuanzia Kasongo hadi Kabambare, ambako jokofu ni nadra na vyakula vingi vya sokoni havina tarehe ya mwisho wa matumizi. Huko pua ndiyo mkaguzi wa jikoni.

Muhogo mchungu watosha kuwa mfano. Mizizi hulowekwa majini siku kadhaa. Mpishi huingiza mkono, huubonyeza mzizi aone kama umelainika, kisha huunusa. Uchachu humjulisha kama umefika wakati wa kuuanika. (Harufu peke yake haithibitishi kuwa sumu ya sianidi imekwisha; kinga ni kuloweka kwa siku za kutosha na kukausha vizuri.) Mawese yaliyoharibika, samaki mkavu aliyeanza kuoza, mafuta ya taa yaliyotiwa katika chupa ya maji: yote hayo pua huyakamata kabla ya ulimi.

Seli za kunusa zimo sehemu ya juu ndani ya pua, nazo huzaliwa upya maishani. Ndiyo maana wengi hupona mafua yakipita. Virusi vya korona, ambavyo Kongo ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza tarehe 10 Machi 2020, hushambulia zaidi seli zinazozitegemeza seli hizo za kunusa. Visababishi vingine ni kuumia kichwa, vinyama vya puani, uzee, ugonjwa wa Parkinson, na ukoma, ambao hudhuru utando wa pua na ambao Kongo bado haijaumaliza.

Ulimi hutambua chumvi, utamu, uchachu, uchungu na ladha ya nyama. Yaliyobaki katika utamu wa chakula ni harufu inayopanda kutoka kooni. Kwa asiyenusa, sombe (kisamvu) iliyoungwa kwa mawese na samaki hubaki chumvi na mafuta tu. Baadhi hula kidogo na kukonda. Wengine huzidisha chumvi, na hiyo ni hatari kwa mwenye shinikizo la damu. Madhara ya kihisia hayaonekani upesi. Mgonjwa huhofia harufu ya mwili wake, hujitenga, huacha kula sahani moja na wenzake, nao hudhani ana kiburi. Sonona huweza kufuata.

Mwaka 2009 Thomas Hummel na wenzake wa Dresden walionyesha faida ya kunusa waridi, mkaratusi, limau na karafuu asubuhi na jioni kwa wiki 12. Si wote wanaopona, lakini zoezi hilo halihitaji mashine wala dawa ghali. Kasongo, iliyojulikana tangu miaka ya 1970 kwa mfumo wake wa vituo vya afya, haikosi mahali pa kulianzishia. Muuguzi amuulize kila mgonjwa kama anasikia harufu. Na asiyesikia bila ya kuwa na mafua, hasa mwenye baka la ngozi lililokufa ganzi, achunguzwe ukoma bila kuchelewa.