Jaji Denning na Daraja la Nyali

Sisi mawakili wa Mombasa tumeitaja kesi ya Nyali mbele ya mahakimu tangu tukiwa vijana. Zamani zile, kutoka kisiwani kwenda Nyali ulivuka kwa daraja la kuelea, mali ya kampuni iliyotoza ushuru. Serikali ya kikoloni ikakataa kulipia magari ya jeshi, ikishikilia kwamba kwa kanuni kongwe ya Uingereza, Taji, yaani serikali ya kifalme, halilipi ushuru wa daraja. Mwaka 1955 shauri likafika Mahakama ya Rufani ya London, mbele ya jaji aliyeitwa Alfred Thompson Denning.

Hukumu yake naipenda hadi leo. Alisema sheria ya Kiingereza ni kama mwaloni: ukiupandikiza Afrika, usitarajie ugumu uleule ulionao kwao. Utastawi, lakini sharti utunzwe, na matawi yasiyofaa yapogolewe. Kanuni ile ya ushuru ilikuwa tawi la kupogolewa, kwa maana haikuhusiana na maisha ya mwambao huu. Wazo hilo bado limo katika sheria ya Kenya ya mwaka 1967 kuhusu mahakama: kanuni za Kiingereza hutumika kwa kadiri tu hali ya nchi na wakazi wake inavyoruhusu.

Denning alizaliwa Whitchurch, Hampshire, Januari 1899, baba yake akiwa mwuza vitambaa. Vita Kuu ya Kwanza iliwachukua kaka zake wawili. Yeye mwenyewe alipelekwa Ufaransa mwaka 1918 na kikosi cha wahandisi, akajenga madaraja huku mizinga ikilia. Alisoma hisabati Oxford kabla ya kugeukia sheria, akawa wakili mwaka 1923 na jaji mwaka 1944. Miaka miwili baadaye aliamua kwamba mwenye nyumba aliyeahidi kupunguza kodi wakati wa vita hawezi kuigeuka ahadi yake na kudai tofauti ya miaka ile ya dhiki. Hukumu ile ni fupi, imeandikwa kwa sentensi ambazo mwenye duka angezielewa, na mwanafunzi wa sheria wa Nairobi au Kampala anaisoma mpaka leo.

Mimi binafsi nina deni kwake. Kabla ya uhuru, wengi wa waliotaka uwakili huku kwetu walisafiri hadi London, wakalipa ada kubwa na kuhudhuria karamu za jioni za vyama vya mawakili, wakarudi wanajua ardhi inavyouzwa Uingereza bila kujua lolote la ardhi ya ukoo. Mwaka 1960 Denning aliongoza kamati iliyopendekeza mawakili wa Afrika wafundishwe Afrika. Oktoba 1961 kitivo cha sheria kikafunguliwa Dar es Salaam, na mwaka 1963 Kenya ikapata chuo chake cha mafunzo ya uwakili. Mimi ni zao la Dar es Salaam.

Kwa hiyo inaniuma kusoma habari za miaka yake ya mwisho. Toka 1962 aliiongoza Mahakama ya Rufani upande wa madai. Mwaka 1980 walikuja mbele yake Waairishi sita waliofungwa kwa mabomu ya Birmingham, wakiwashtaki polisi kwa kuwapiga. Aliwafungia mlango. Wakishinda, alisema, itamaanisha polisi walitesa na kusema uongo kizimbani, jambo la kutisha mno kulifikiria. Jaji kazi yake ni kulifikiria hilo hasa.

Mwaka 1982 akaandika kitabuni kwamba raia wa Uingereza hawafai tena wote kukaa katika juri, akiwataja weusi waliokaa katika juri ya kesi moja huko Bristol. Nchi yake ilikuwa imepata wakazi wapya, na mtu aliyetaka sheria iwatazame wakazi wa Mombasa walivyo hakuweza kuwatazama hivyo majirani zake wa Bristol. Wawili kati ya wanajuri hao walitishia kumshtaki. Aliomba radhi, kitabu kikaondolewa madukani, naye akastaafu mwaka huohuo akiwa na miaka 83.

Wale sita waliachiwa huru mwaka 1991, baada ya hukumu dhidi yao kufutwa. Denning alikuwa bado hai. Alifariki Machi 1999, wiki chache baada ya kutimiza miaka 100.